Jinsi ya kuchagua magurudumu ya baiskeli ya milimani: kutoka namba za tairi hadi kusenta spoki

Mtu anasoma "26" ubavuni mwa tairi lililochakaa, anakwenda dukani, anaomba tairi la 26, na anarudi nyumbani na tairi lisiloingia kwenye rimu. Muuzaji hakumdanganya. Rimu zinazoitwa 26 ziko zaidi ya tatu, na kila moja ina kipenyo chake. Ndivyo ilivyo kwa karibu kila kitu kwenye gurudumu: jina linalotangazwa ni moja, kipimo halisi ni kingine. Kwa hiyo kabla ya kuangalia chapa, rangi au bei, chukua futi, karatasi na kalamu.

Anza na namba ndogo ubavuni mwa tairi

Futa vumbi ubavuni utafute namba mbili zilizotenganishwa na kistari, kwa mfano 57-622 au 50-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu pale ukingo wa tairi unapokaa. Hiyo ya pili ndiyo ya kuamini. Kwa baiskeli za milimani kuna tatu tu za kukariri:

559 ni ile inayouzwa kama 26
584 ni 27.5
622 ni 29

Mkanganyiko unaanzia hapa. Tairi la 26 x 1⅜ la baiskeli za mjini ni 590, kwa hiyo litapwaya kwenye rimu ya 559. Hata 26 x 1.75 na 26 x 1¾, ambazo hesabuni ni kitu kimoja, si tairi moja: la desimali ni 559, la sehemu ni 571. Tairi la Phoenix na ndugu zake, 28 x 1½, ni 635, na haliwezi kukaa kwenye rimu ya 29. Lakini tairi lililoandikwa 28 likiwa na 622 pembeni litaingia kwenye rimu hiyo ya 29, ilimradi upana unaruhusu. Ukienda dukani taja 559, 584 au 622. Muuzaji akishangaa, mwoneshe mwenyewe kwenye tairi.

Kipenyo kimeshaamuliwa na fremu

Watu hubishana sana kuhusu 26, 27.5 na 29, ilhali mwenye baiskeli tayari hana cha kuchagua. Fremu na uma wa mbele vimetengenezwa kwa kipenyo kimoja. Ukilazimisha gurudumu la 29 kwenye fremu ya 26, tairi litasugua fremu, na kama breki ni za rimu, pedi hazitaifikia rimu.

Anayenunua baiskeli nzima ndiye mwenye uhuru wa kuamua. Tairi la 57-622 lina kipenyo cha nje cha takriban milimita 736, la 54-559 takriban 667. Hizo sentimita 7 za ziada zinafanya gurudumu lipande jiwe au mzizi kwa mteremko mdogo zaidi badala ya kugonga na kusimama. Njia za Usambara zenye mizizi iliyojitokeza na makorongo ya mvua zinalifaa sana gurudumu la 29. Gharama yake ni uzito zaidi pembeni na gurudumu lisilo gumu sana kwa upande, jambo linaloonekana kwa mwendeshaji mzito. Mtu mfupi, kama mita 1.60 kushuka chini, mara nyingi anakaa vizuri zaidi kwenye 27.5. Saizi hiyo si ya kudharauliwa: Nino Schurter, mshindani kutoka Uswisi, alishinda kwayo mbio za Kombe la Dunia Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mwaka 2012, ingawa baadaye mbio hizo zilitawaliwa na 29.

Baiskeli ya 26 iliyotunzwa bado ni baiskeli nzuri. Ugumu wake ni kwamba rimu na matairi mapya ya hali ya juu ya 559 yanazidi kuadimika, kwa sababu watengenezaji wengi wamehamia saizi kubwa.

Pima habu, usikisie

Toa gurudumu la zamani. Pima urefu wa habu, ile sehemu ya katikati ya gurudumu yenye ekseli ndani, kutoka uso wa nje wa upande mmoja hadi uso wa nje wa upande wa pili, yaani nyuso zile zinazobanwa na fremu. Usihesabu ncha za ekseli zinazoingia kwenye matundu ya fremu.

Mbele utapata milimita 100 au 110. Yenye mkono wa kukunja wa kufungia haraka (mafundi wengi wanauita kwiki) ni 100, na ncha za ekseli zina unene wa milimita 9. Yenye ekseli nene ya kupenya inayofungwa kwa hesi ni 15x100 (unene wa ekseli kwa urefu wa habu), au 15x110 iliyopewa jina la Boost. Kuna pia 20x110 ya baiskeli za kushuka milima kwa kasi. Hiyo si Boost hata kama 110 zinafanana.

Nyuma, kwiki ni 135. Ekseli ya kupenya ni 12x142 au 12x148 Boost, na fremu chache zina 12x157.

Kati ya 135 na 142 tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana. Ile 7 ya ziada ni vifuniko vya pembeni vinavyokaa kwenye vishimo vya fremu, 3.5 kila upande, na ndiyo maana habu nyingi nzuri zinabadilishwa kutoka moja hadi nyingine kwa kubadili vifuniko tu. Kati ya 142 na 148 ni habari nyingine. Kwenye Boost, diski na kaseti vimesogezwa nje milimita 3 kila upande. Ukijaza pengo kwa washa bila kusogeza diski, breki haitakaa sawa.

Kabla ya kulipa: gia na breki

Tazama upande wa gia. Je, ni friwili inayofungwa kwa hesi kwenye habu, au ni kaseti inayoteleza juu ya ngoma yenye mifereji? Zungusha meno kinyumenyume huku ukitazama lile tundu la katikati linaloingia kifaa cha kufungulia. Tundu likizunguka pamoja na meno, hiyo ni kaseti. Likitulia wakati meno yanazunguka, ni friwili.

Tofauti hii ni kubwa kuliko idadi ya gia. Kwenye habu ya friwili, gololi za upande wa kulia zimekaa ndani kabisa, karibu na katikati, kwa sababu friwili imechukua nafasi ya nje. Ekseli inabaki ikining'inia bila mhimili kwa urefu wa friwili nzima. Kila unaporuka jiwe inapinda kidogo, na siku moja inakatika. Habu ya kaseti imeweka beringi ya kulia karibu na fremu, ndiyo maana inavumilia. Kama unaendesha njia za milima kwelikweli na bado una friwili ya gia 7, hapo ndipo pesa yako ya kwanza inatakiwa kwenda.

Ukishajua ni kaseti, angalia aina ya ngoma. Kaseti za Shimano za gia 8 hadi 11 za milimani, ambazo gia yake ndogo kabisa ina meno 11, zinakaa kwenye ngoma ya HG. Za gia 12 ambazo gia yake ndogo ina meno 10 zinataka Micro Spline ikiwa ni Shimano, au XD ikiwa ni SRAM. Ngoma hizi haziingiliani.

Breki za diski zina njia mbili za kufunga: boliti sita za nyota saizi T25, au kufuli moja la katikati, Center Lock. Tunashauri boliti sita. Ukiwa Lushoto au Kapsowar na diski imepinda, bisibisi ya T25 inapatikana; kifaa cha Center Lock na nguvu ya 40 Nm ya kukifungia vinapatikana kwa shida. Na kama baiskeli yako bado ina breki za rimu, hakikisha rimu mpya ina ukuta ulionyooka wa kusugulia pedi. Rimu za diski hazina ukuta huo.

Rimu: upana, kuta na madini

Upana unaohesabika ni wa ndani, kati ya kuta mbili, si wa nje. Rimu ya ndani milimita 25 inabeba vizuri tairi la inchi 2.1 hadi 2.4. Milimita 30 ni kwa 2.3 hadi 2.6. Rimu nyingi za 26 za zamani ni 17 hadi 19, na zinafaa tairi la 1.75 hadi 2.1 hivi. Tairi pana kwenye rimu nyembamba linavimba juu kama balbu, na ukikata kona linalala upande. Tairi jembamba kwenye rimu pana linakuwa bapa na kuta zake zinaachwa wazi kwa mawe.

Chagua rimu ya aluminiamu yenye kuta mbili. Tazama ndani: kama vichwa vya nipeli (nati ndogo zinazokaza spoki kwenye rimu) vimezama kwenye matundu na kuna sakafu ya pili chini yao, ni kuta mbili. Kama vichwa vinakaa kwenye sakafu ileile inayogusa tyubu, ni ukuta mmoja, na hiyo haitakusaidia mlimani. Rimu za chuma cha kung'aa ziachie baiskeli za mjini. Zikilowa, breki ya rimu inashika kwa kuchelewa sana. Kaboni ni nyepesi na ngumu, lakini ikipasuka kwenye mwamba hainyoshwi. Aluminiamu ikipinda ukingo kidogo, fundi makini anaweza kuirudisha ukafika nyumbani.

Spoki 32, kiwiko cha kawaida, nipeli za shaba

Tungechagua hivyo kwa mtu wa kilo 60 hadi 90 anayeendesha milimani Afrika Mashariki. Spoki 28 zinatosha kwa mwepesi anayeshindana. Aliyezidi kilo 90, au anayefunga mzigo nyuma, achukue 36 kwa gurudumu la nyuma. Kwa unene, spoki ya 2.0 mm kwenye ncha na 1.8 katikati ni bora kuliko ya 2.0 yote: ile sehemu nyembamba inanyumbuka kidogo na kupunguza mzigo kwenye kiwiko, pale spoki inapopinda kuingia kwenye habu, mahali ambapo spoki nyingi hukatikia. Usuke wake uwe wa kuvuka mara tatu, yaani kila spoki ikatizane na nyingine tatu.

Kiwiko cha kawaida tunakisisitiza kwa sababu moja: spoki ya kiwiko, 2.0, inapatikana kila penye fundi, na wengi wanaweza kuikata na kuichonga hesi upya. Spoki bapa za chapa fulani, zilizonyooka bila kiwiko, utazisubiri wiki mbili zije kwa basi. Nipeli za aluminiamu zinaokoa gramu chache, kisha unyevu wa pwani unazigandisha kwenye spoki. Za shaba zinafunguka hata baada ya miaka.

Ukiagiza spoki, pima ya zamani kutoka ndani ya kiwiko hadi ncha ya hesi. Gurudumu la nyuma lina urefu tofauti kulia na kushoto, kwa kawaida milimita 1 hadi 3. La mbele lenye diski vilevile. Andika pande zote mbili.

Gololi au beringi

Habu ya koni na gololi inataka kufunguliwa na kupakwa grisi, lakini vipuri vyake viko kila mahali: mbele gololi 10 kila upande za inchi 3/16, nyuma 9 kila upande za inchi 1/4. Koni, ile nati iliyochongoka inayobana gololi, ikianza kuwa na vishimo, ibadilishe mapema kabla haijala kikombe cha habu, maana kikombe hakibadilishwi. Ukikaza koni za habu ya kwiki, acha mchezo mdogo sana gurudumu likiwa mkononi. Mkono wa kwiki ukifungwa, mchezo huo unaisha. Ukiukaza uishe mkononi, gololi zitabanwa na kuliwa njiani.

Habu ya beringi zilizofungwa haihitaji kukazwa. Namba ya beringi imeandikwa kwenye kifuniko chake cha mpira, mara nyingi 6902 (15 kwa 28 kwa 7 mm), na duka lolote la beringi za mashine linaweza kuwa nayo. Nunua yenye mihuri ya mpira pande zote, alama yake ni 2RS.

Gurudumu la mitumba: kagua kwa mikono

Shika ncha za ekseli uizungushe polepole kwa vidole. Ukihisi kitu kama mchanga, kuna kazi. Kisha bana spoki mbili mbili zinazokaribiana, ukizunguka rimu nzima. Zote za upande mmoja ziwe na ugumu unaofanana. Zigonge kwa bisibisi usikilize: sauti moja ikiwa butu kati ya kali, hiyo imelegea.

Sasa sogeza jicho karibu na matundu ya nipeli, upande wa kulia wa gurudumu la nyuma hasa. Nyufa ndogo kama unywele zinazotoka kwenye tundu zina maana rimu imechoka, usiinunue hata kwa bei ya chakula cha mchana. Kwa rimu ya breki za pedi, weka ukingo wa rula kwenye ukuta wa kusugulia: ukiona mwanga katikati, ukuta umeliwa, na siku utakayojaza upepo mwingi unaweza kufunguka.

Mwisho, tazama nyuma ya gia kubwa kabisa. Cheni ikiwahi kuangukia hapo, spoki zina makovu, na hukatikia palepale.

Kusenta gurudumu lenye wimbi

Spoki haikatiki kwa sababu imekazwa sana. Hukatika kwa sababu imelegea. Kila mzunguko unaipunguzia mvuto na kuurudisha, kiwiko kinapindapinda, hadi chuma kinachoka. Ndiyo maana gurudumu jipya linalotoka kiwandani likiwa legelege linaanza kukata spoki baada ya miezi kadhaa, na mwenye nalo analaumu barabara.

1. Tafuta spana ya nipeli inayolingana kabisa. Nipeli nyingi ni 3.23, 3.30 au 3.45 mm. Ile spana ya duara yenye vinywa vingi inazungusha kona za nipeli.
2. Funga kamba ya plastiki kwenye fremu, ncha yake ikaribie kugusa rimu. Zungusha gurudumu uone linapogusa.
3. Rimu ikivutwa kulia, kaza spoki za kushoto eneo hilo na legeza za kulia, robo mzunguko kila moja. Ukitazama kutoka upande wa tairi, kukaza ni mwelekeo wa saa. Ukitazama kutoka habu unaona kinyume, na hapo ndipo wanaoanza wanapopotea.
4. Ondoa kwanza wimbi la juu na chini, kisha la pembeni. Nusu milimita pande zote ni kazi safi.
5. Kila baada ya raundi moja bana spoki jozi kwa jozi kwa nguvu za mikono. Utasikia zikilia, zinajinyoosha. Angalia tena.

Kwa mwenye kipimo cha mvuto, upande wa gia nyuma ulenge kilo 100 hadi 120, bila kuvuka kikomo cha rimu. Upande wa pili utakuwa karibu nusu hadi theluthi mbili ya hapo, na hiyo ni kawaida.

Kujua kama rimu iko katikati ya habu, huhitaji kifaa. Panga vikombe vitatu virefu vinavyolingana juu ya meza iliyonyooka, laza rimu juu yake bila tairi. Chini ya uso wa nje wa habu panga sarafu hadi ziguse. Geuza gurudumu. Sarafu zikigusa vilevile, rimu iko katikati. Zikipungukiwa au zikizuia, nusu ya tofauti ndiyo unayotakiwa kuisogeza rimu.

Upepo, tyublesi na mbigiri

Upepo unabadilisha gurudumu kuliko kitu kingine chochote unachoweza kununua, na haugharimu. Mtu wa kilo 75 mwenye tyubu na tairi la 26 x 2.1 aanzie psi 30 mbele na 34 nyuma. Kwenye 29 x 2.35 bila tyubu, 21 mbele na 24 nyuma. Ukipata pancha yenye matundu mawili sambamba, kama ya meno ya nyoka, tyubu imebanwa kati ya jiwe na rimu: ongeza psi 2 au 3. Ukidundadunda kwenye changarawe na tairi halishiki, punguza.

Kwa tyublesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani, unahitaji rimu na tairi vilivyoandikwa kuwa vinaruhusu. Safisha sakafu ya rimu kwa spiriti. Bandika utepe wenye upana wa ndani ya rimu na milimita 3 hadi 5 za ziada, ukiuvuta kwa nguvu, uanzie sentimita 10 kando ya tundu la valvu na uzidishe mwisho upite tundu hilo. Weka tairi na tyubu ukae usiku mmoja ili utepe ubandike. Asubuhi toa tyubu, toboa utepe tundu dogo, funga valvu. Pandisha tairi, toa kiini cha valvu, mimina dawa ya pancha: mililita 80 kwa 26, hadi 100 au 120 kwa 29. Jaza upepo kwa kasi hadi usikie tairi likilia "pa!" likikaa, kisha lilaze ubavu, geuza, zungusha, ili dawa ifike kila ukingo. Kwa joto letu dawa hukauka ndani ya miezi miwili au mitatu. Tikisa gurudumu, usiposikia maji, ongeza.

Tyublesi inafaa zaidi kwa sababu ya mbigiri. Zile mbegu za miba zilizotanda pembezoni mwa vijia wakati wa kiangazi zinatoboa tyubu matundu matano kwa mara moja, na kiraka hakitoshi. Kama bado unatumia tyubu, nunua zenye valvu ya kiini kinachofunguka, weka mililita 60 za dawa ndani. Mbigiri ikiingia, ing'oe, zungusha tundu liangalie chini, subiri dakika moja, ongeza upepo uende. Ukimaliza safari pitisha kitambaa kinene, si kidole, ndani ya tairi: ncha ya mwiba iliyokatika humo itatoboa tyubu mpya kabla hujafika getini.